Mashahidi wa Nabothi: Tafakari juu ya Kura na Ukweli



Juma lililopita, baada ya Misa ya pili, mama mmoja mwalimu wa shule ya msingi alitungoja mlangoni pa ofisi ya parokia. Hakuja kuungama wala hakutuomba siri, naye ametukubalia tulieleze swali lake mradi tusilitaje jina lake. "Padre," alisema, "mwaka 2022 nilikuwa msimamizi wa kituo cha kupigia kura. Mambo yalikwenda vyema, namshukuru Mungu. Lakini usiku ule, tulipokuwa tukihesabu kura, wazo lilinijia: je, angeingia mtu mkubwa akaniambia niandike tarakimu nyingine, ningefanya nini? Nina watoto watatu na mshahara ni huu mmoja. Nikiitwa tena, Padre, nitajibu nini?"

Tulimwomba atupe juma moja. Ingalikuwa rahisi kumjibu papo hapo kwamba uongo ni dhambi, naye angalirudi nyumbani akiwa na jibu alilokuja nalo. Mama yule hakuuliza kama uongo ni dhambi. Aliuliza ni kwa nguvu gani mtu mdogo aweze kusimama mbele ya mtu mkubwa, usiku, katika chumba cha darasa. Tafakari ya juma hili ni jaribio letu la kumjibu, na tunawaalika ninyi nyote mlisome jibu hilo kana kwamba swali lilikuwa lenu. Kwa kweli ni lenu. Katiba yetu inataka Mkenya apige kura Jumanne ya pili ya mwezi wa Agosti katika kila mwaka wa tano, na hesabu hiyo inatuelekeza kwenye tarehe 10 Agosti 2027.

Tuanze na shamba la mizabibu. Mnaikumbuka habari ya Nabothi wa Yezreeli katika Kitabu cha Kwanza cha Wafalme. Ahabu alilitamani shamba la jirani yake. Jirani akakataa kuuza urithi wa baba zake. Mfalme akajilaza kitandani, akagoma kula. Malkia Yezebeli ndiye aliyepata njia. Tumezoea kuhubiri juu ya tamaa ya Ahabu na ukatili wa Yezebeli, lakini tukisoma kwa utulivu tutaona jambo jingine. Hakuna askari aliyetumwa kumvamia Nabothi usiku. Ziliandikwa barua, zikatiwa mhuri wa mfalme. Wazee na wakuu wa mji walizipokea, wakatangaza mfungo, wakaitisha baraza, wakawaketisha mashahidi wawili, maana sheria ilidai wawe wawili. Taratibu zote zilifuatwa. Hata ibada ilitumiwa. Kilichokosekana ni kimoja tu, nacho ni ukweli.

Uporaji wa uchaguzi hufanana sana na uporaji ule. Mtawala anayetaka kubaki, au mpinzani anayetaka kuingia kwa mlango wa nyuma, hawezi kuiba kura milioni kwa mikono yake miwili. Anahitaji mhuri. Anahitaji wazee wa mji watakaoketi kana kwamba hakuna lililotokea. Anahitaji shahidi wa kutia sahihi. Kwa hiyo hatari kubwa kuliko zote kwa uchaguzi wa urais haiko katika tamaa ya wakubwa, kwa kuwa tamaa hiyo ilikuwapo tangu zamani za Ahabu na itaendelea kuwapo. Hatari iko katika wepesi wa sisi wengine kuyapokea maagizo yaliyotiwa mhuri.

Ndugu zangu, tulitazame taifa letu wenyewe, maana mahubiri yasiyogusa nyumbani ni upepo.

Tarehe 27 Desemba 2007 Wakenya walipanga foleni tangu alfajiri. Siku tatu baadaye, tarehe 30, Tume ya Uchaguzi ya wakati ule ilimtangaza Mwai Kibaki kuwa mshindi kwa kura 4,584,721 dhidi ya 4,352,993 za Raila Odinga. Tofauti ilikuwa kura 231,728. Rais aliapishwa jioni ile ile, jua likizama. Siku chache tu baadaye mwenyekiti wa Tume, marehemu Samuel Kivuitu, alikiri mbele ya waandishi wa habari kwamba yeye mwenyewe hakujua kama aliyemtangaza alikuwa ameshinda. Mnayakumbuka yaliyofuata. Tume ya Jaji Philip Waki ilihesabu vifo 1,133. Mamia ya maelfu ya watu walikimbia makwao. Siku ya kwanza ya mwaka 2008 kanisa la Kiambaa, karibu na Eldoret, lilichomwa moto likiwa na watu waliolikimbilia kama maficho, wengi wao wakiwa wanawake na watoto.

Tume nyingine, iliyoongozwa na Jaji mstaafu Johann Kriegler wa Afrika Kusini, iliuchunguza uchaguzi wenyewe. Hitimisho lake lilikuwa zito kuliko lile ambalo kila upande ulitarajia. Tume hiyo ilisema kwamba kasoro za kuhesabu, kujumlisha na kupeleka matokeo zilikuwa nyingi kiasi kwamba haiwezekani tena kujua nani alishinda. Ilisema pia kwamba hongo, kujaza masanduku na vitisho vilikuwapo katika ngome za pande zote mbili. Tuyapime maneno hayo. Ukweli ulikuwa umeharibiwa kabisa, kama barua iliyochomwa kabla ya kusomwa. Zaidi ya watu elfu moja walikufa wakipigania jibu ambalo halikuwapo tena.

Nasi wachungaji tusijifiche nyuma ya altare. Katika miezi ile viongozi wengi wa dini walionekana kusema kwa sauti za makabila yao, na waamini waliliona hilo. Mwaka 2008 Baraza la Kitaifa la Makanisa lilitoka hadharani na kuomba radhi kwa kuegemea pande. Sisi Wakatoliki nasi tulihitaji toba hiyo. Mchungaji aliyekwisha kuchagua upande kabla ya kura hawezi kuwa shahidi baada ya kura.

Sasa tazameni jambo la ajabu, ambalo lilitufanya tukae kimya kwa kitambo tulipolikokotoa. Tarehe 15 Agosti 2022, Tume Huru ya Uchaguzi na Mipaka ilimtangaza William Ruto mshindi kwa kura 7,176,141 dhidi ya 6,942,930 za Raila Odinga. Toeni hesabu hiyo: tofauti ni kura 233,211. Ni karibu sawa kabisa na tofauti ya mwaka 2007, nayo inazidi ile ya zamani kwa kura 1,483 tu. Wagombea wakali, taifa lililogawanyika nusu kwa nusu, mshindwa aliyeamini kwamba ameporwa, makamishna wanne kati ya saba wakiyakana matokeo hadharani. Masharti yote ya moto yalikuwapo. Hata hivyo safari hii nchi haikuungua. Shauri lilipelekwa mahakamani. Tarehe 5 Septemba majaji saba wa Mahakama ya Juu waliamua kwa kauli moja kuyathibitisha matokeo. Raila akasema kwamba hakubaliani kabisa na uamuzi huo lakini anaiheshimu mahakama. Watu wakarudi mashambani na madukani.

Je, Wakenya walikuwa wamegeuka kuwa malaika katika miaka 15? Hapana. Yule msimamizi wa uchaguzi wa eneo bunge la Embakasi Mashariki, aliyetoweka katika siku za kujumlisha kura na kupatikana amekufa, anatukumbusha kwamba hatukuwa malaika. Kilichobadilika ni kwamba kati ya tamaa ya wakubwa na hasira ya wananchi tulikuwa tumeweka vitu vitatu ambavyo mwaka 2007 havikuwapo, au vilikuwapo kwa jina tu: karatasi, shahidi na mwamuzi.

Karatasi hiyo mnaijua, nayo ni Fomu 34A. Kura zikiisha kuhesabiwa katika kituo, msimamizi huandika tarakimu za kila mgombea. Mawakala wa vyama hutia sahihi na kupewa nakala. Nakala nyingine hubandikwa mlangoni pa kituo ili kila apitaye aisome. Picha yake hutumwa kwa mtambo. Na fomu yenyewe husafirishwa hadi kituo cha kujumlishia cha eneo bunge, kisha Nairobi. Mwaka 2017, katika shauri lililofunguliwa na Maina Kiai na wenzake, Mahakama ya Rufani iliamua kwamba matokeo yanayotangazwa katika eneo bunge ni ya mwisho, wala hakuna mkubwa wa Nairobi mwenye ruhusa ya kuyabadilisha. Na mwaka 2022 Tume iliweka picha za fomu hizo mbele ya umma katika intaneti, kutoka vituo 46,229, ili yeyote mwenye simu au kompyuta ajijumlishie mwenyewe. Vijana wetu walikesha wakifanya hivyo. Vyombo vya habari vilifanya hivyo. Mwenye shaka hakuhitaji tena kuchukua panga, kwa kuwa aliweza kuchukua kalamu.

Shahidi ni yule wakala, yule karani, yule mama mwalimu. Na mwamuzi ni mahakama. Katiba tuliyoizindua tarehe 27 Agosti 2010 ilimpa kila Mkenya haki ya kupinga matokeo ya urais katika siku saba, na Mahakama ya Juu ikapewa siku 14 za kuamua. Mwaka 2013 wengi waliona mahakama hiyo imetumia haki hiyo kwa woga. Tarehe 1 Septemba 2017, kinyume cha matarajio ya karibu kila mtu, majaji wanne dhidi ya wawili, wakiongozwa na Jaji Mkuu David Maraga, waliufuta uchaguzi wa tarehe 8 Agosti. Lilikuwa jambo ambalo halijawahi kutokea Afrika. Watazamaji mashuhuri wa kimataifa walikuwa wameusifu upigaji kura wenyewe, nao ulistahili sifa. Majaji walitazama kilichotokea baada ya masanduku kufunguliwa: matokeo yaliyotumwa bila fomu za kuyathibitisha, na Tume iliyoshindwa kutii kikamilifu amri ya kuifungua mitambo yake ikaguliwe. Fundisho lao lilikuwa kwamba uchaguzi haupimwi kwa tarakimu ya mwisho peke yake. Hupimwa pia kwa njia iliyoileta tarakimu hiyo.

Hatutaki kuupamba mwaka ule. Kabla ya kura, meneja wa teknolojia ya Tume, marehemu Chris Msando, aliteswa na kuuawa. Baada ya kura ya kwanza, makumi ya watu walikufa, wengi kwa risasi za polisi, na mjini Kisumu mtoto mchanga wa miezi sita alikufa kutokana na kipigo cha polisi waliovamia nyumba ya wazazi wake. Kamishna Roselyn Akombe alikimbilia nje ya nchi. Siku moja kabla ya marudio ya tarehe 26 Oktoba, Mahakama ya Juu ilipaswa kusikiliza ombi la kuyaahirisha, lakini majaji waliofika hawakutimia idadi. Usiku uliotangulia, mlinzi wa Naibu Jaji Mkuu alikuwa amepigwa risasi. Raila alisusia marudio hayo, na Uhuru Kenyatta akashinda kwa zaidi ya asilimia 98 huku wapiga kura wengi wakibaki majumbani. Demokrasia ilisalimika kama mgonjwa asalimikavyo, ikiwa imedhoofu. Lakini kazi ya majaji wale haikupotea. Ikiwa mwaka 2022 Tume ilizifungulia fomu zote macho ya umma, ni kwa sababu mwaka 2017 ilionyeshwa gharama ya kuzificha. Mbegu iliyoanguka katika mwaka mmoja ilizaa katika mwaka mwingine.

Majirani zetu nao wanatufundisha. Nchini Malawi, ambako mwaka 1992 barua ya kichungaji ya maaskofu Wakatoliki ilikuwa ya kwanza kuusemea waziwazi ukweli mbele ya utawala wa Kamuzu Banda, mahakama iliufuta uchaguzi wa urais wa mwaka 2019 baada ya kuonyeshwa fomu ambazo tarakimu zake zilikuwa zimefutwa kwa wino mweupe. Majaji watano walifika kutoa hukumu yao tarehe 3 Februari 2020 wakilindwa na jeshi. Uchaguzi ukarudiwa mwezi wa Juni, mpinzani Lazarus Chakwera akashinda. Na mwezi wa Septemba 2025 Chakwera huyo huyo, akiwa madarakani, alishindwa na Peter Mutharika, akakubali, akaondoka. Njia iliyomwingiza ndiyo aliyoikubali imtoe.

Kongo ni fundisho la uchungu. Kanisa Katoliki la huko lilifanya yote ambayo shahidi anaweza kufanya. Walei waliandamana tarehe 31 Desemba 2017 na mara mbili tena mwanzoni mwa mwaka 2018, wakiwa na rozari na misalaba mikononi, wakidai uchaguzi uliokuwa ukicheleweshwa. Walipigwa mabomu ya machozi hata ndani ya makanisa, na baadhi yao waliuawa. Uchaguzi ulipofanyika tarehe 30 Desemba 2018, Baraza la Maaskofu lilikuwa na watazamaji wapatao 40,000. Matokeo yalipotangazwa, maaskofu walisema waziwazi kwamba hayalingani na takwimu walizokusanya vituoni. Mahakama ya Katiba ikayathibitisha hivyo hivyo. Karatasi zilikuwapo, mashahidi walikuwapo kwa maelfu, lakini mwamuzi hakutaka kuona.

Na Tanzania, ndugu zetu wa damu na wa lugha, sheria yenyewe imemfunga mwamuzi macho. Katiba yao, katika ibara ya 41, inasema kwamba Tume ikiisha kumtangaza Rais, hakuna mahakama itakayochunguza. Mwaka 2020 Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu, yenye makao yake Arusha, ilisema kwamba kifungu hicho kinakiuka haki za raia. Tarehe 29 Oktoba 2025 uchaguzi ulifanyika huku kiongozi wa chama kikuu cha upinzani akiwa gerezani kwa shtaka la uhaini, intaneti ikazimwa, na damu ikamwagika mitaani. Mgombea wa chama tawala akatangazwa kushinda kwa asilimia 97 na ushei. Watazamaji wa Umoja wa Afrika walisema uchaguzi huo haukutimiza viwango vya Umoja huo. Hatuwatazami ndugu zetu kwa kiburi, maana sisi tulikuwa wabaya zaidi mwaka 2008. Tunawaombea marehemu wao, na tunasema tu kwamba mahali ambapo mshindwa hana mlango wa kubisha, barabara ndiyo inayobaki.

Wapo waamini wanaotuambia, "Padre, tuhubirieni amani, hayo mengine waachieni wanasiasa." Tunaielewa hofu yao, aliyeumwa na nyoka hushtuka akiona ung'ongo. Lakini tuseme kwa upole kwamba amani tuliyohubiri mara nyingi, hasa mwaka 2013, ilikuwa amani ya kumnyamazisha mwenye kuuliza. Mji wa Yezreeli nao ulikuwa na amani siku ile Nabothi alipokwisha kuzikwa. Amani ya Kikristo hujengwa juu ya ukweli na haki, kama Papa Yohane XXIII alivyotufundisha mwaka 1963 katika waraka wake juu ya amani duniani. Mwaka 2022 tulipata amani iliyo bora kuliko ile ya 2013 kwa sababu watu waliruhusiwa kuuliza, na walijibiwa kwa karatasi.

Wapo wengine, hasa vijana, wanaosema kwamba kura haibadilishi kitu, kwani wakubwa hupeana mikono na wadogo hubaki na kaburi. Nao tunawaelewa, mwezi wa Juni 2024 waliwazika wenzao. Lakini vijana wapendwa, anayetaka kuiba uchaguzi huufurahia ukosefu wenu kuliko hasira yenu. Kituo kisicho na wapiga kura wala mawakala ndicho kituo ambacho tarakimu huandikwa kwa raha. Katekisimu yetu inautaja upigaji kura kuwa ni wajibu wa dhamiri, pamoja na kulipa kodi na kuilinda nchi. Wajibu hauulizi kwanza kama utashinda.

Na hatari mpya zipo. Tume yetu ya uchaguzi ilikaa bila makamishna tangu Januari 2023 hadi Julai 2025, muda wa miaka miwili na nusu, na imani iliyokaa bila paa muda huo wote hainyeshewi bila kulowa. Siku hizi mtambo waweza kutengeneza sauti na sura ya kiongozi akisema asiyoyasema, na uongo huo ukafika kijijini kabla ya ukweli kuvaa viatu. Na pesa zingali zinagawanywa, shilingi mia mbili na kanga, kwa maskini ambaye njaa yake ni ya kweli.

Pesa hizo hufika hata kwetu. Mwezi wa Novemba 2024 maaskofu wetu walikemea utamaduni wa uongo katika uongozi wa nchi, na siku chache baadaye Jimbo Kuu la Nairobi likakataa na kurudisha mchango uliotolewa na Rais katika parokia moja jijini. Wapo waliolalamika kwamba kwaya imenyimwa haki yake. Sisi tulishukuru. Wazee wa Yezreeli hawakuanza kwa kumhukumu Nabothi. Bila shaka walianza kwa kula mezani pa mfalme.

Basi, mama mwalimu, hili ndilo jibu letu.

Kwanza, uwe mwepesi kuliko uongo. Kura zikiisha kuhesabiwa, andika tarakimu mara moja, ziandike na kwa maneno, mawakala watie sahihi na kupewa nakala zao, kisha ibandike fomu mlangoni. Mtu mkubwa anahitaji kufika kabla ya hapo. Karatasi iliyokwisha kusomwa na watu ishirini kwa mwanga wa simu zao imekuwa mali ya mji mzima, na huyo mkubwa hatapata tena jambo la kukuomba.

Pili, usiwe peke yako. Hili si la kwako, ni letu. Ni aibu yetu kama parokia ikiwa katika kituo chako hakutakuwa na hata mwanajumuiya mmoja aliyejitolea kuwa wakala mwaminifu au mtazamaji, awe wa chama chochote. Tunawaomba viongozi wa Jumuiya Ndogo Ndogo za Kikristo walianze jambo hili mapema, wasingoje juma la mwisho. Na siku ile ikiisha, kila mmoja wetu apite mlangoni pa kituo alichopigia kura, aisome fomu, aikumbuke, ailinganishe na ile iliyotangazwa. Haigharimu kitu. Shahidi mmoja hutishwa, lakini mia mbili hawatishiki.

Tatu, na hili ni gumu, huenda siku moja ukalazimika kusema hapana na kulipa. Hatukuahidi kwamba hutalipa. Tunakuahidi kwamba hutalipa peke yako. Mshahara ukisimama, mlo wa watoto wako utakuwa hoja ya jumuiya yako na ya mapadre wako, nasi tumeandika hapa ili mtushike kwa maneno yetu.

Na yule mgombea unayempenda akishindwa kwa haki, uwe na ujasiri wa kuiacha fomu kama ilivyo. Uongo unaompendelea rafiki yako ndio mtamu kuliko yote.

Wapendwa, Maandiko yametuhifadhia jina la Ahabu, jina la Yezebeli na jina la Nabothi. Ya wazee wale na wakuu wa mji waliozipokea barua hayakuandikwa. Hakuna hata mmoja wao aliyesimama barazani na kusema kwamba Nabothi hakulitamka neno lile. Angalisimama mmoja tu, yumkini tungalilijua jina lake leo, na yumkini shamba lingalibaki kwa mwenyewe. Kiti chake kingali wazi. Siku moja kitakuwa katika chumba cha darasa, usiku, mezani penye fomu na kalamu, na atakayekikalia ni mmoja wetu.

Mwenyezi Mungu aliye ukweli wenyewe awape nguvu wote watakaoketi hapo. Bikira Maria, Malkia wa Amani, atuombee. Tuonane Jumapili.